Bega Lililoshuka Baada ya Arobaini

Assalaam aleikum, wenzangu. Najua kwamba kati ya mtakaosoma haya wamo waliofungwa mishipi ya bega, na wamo walioambiwa waifunge wakaitupa uvunguni. Nawaandikia ninyi hasa. Mimi naitwa Mwanasha, mzaliwa wa Gazi, niliyeolewa Msambweni. Nitayataja mambo ya mwili wangu waziwazi, na mwenye haya na afumbe macho asome kwa jicho moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikaribia sana kuumbuliwa.

Kabla ya maradhi nilikuwa mwanamke wa nguvu. Ikiwepo arusi mtaani, niliitwa kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi tangu asubuhi, na jua likipanda nimezungukwa na vifuu, wenzangu wakipokezana, mimi sijainuka. Nilitwanga kwa mkono mmoja huku nazungumza. Maji nilichota na kujitwika mwenyewe, sikungoja mtu wa kunisaidia. Mkono niliokuwa nikiutegemea ni huu wa kulia.

Mimba zangu mbili za kwanza ziliharibika. Ya tatu ilisimama mwaka wa Uhuru. Watu walipokuwa wakipanda Kwale kutazama bendera mpya, mimi nilikuwa nimelala chali chumbani, naogopa hata kukohoa. Miezi michache baadaye nikajifungua salama mtoto wa kiume, tukamwita Salimu. Mume wangu Suleimani alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa Ramisi, na nyumbani alirudi mwisho wa wiki tu. Kwa hiyo arobaini yangu ilishikwa na mavyaa wangu, mama yake Suleimani, Bi Mwanatumu. Alikuwa mwembamba, mkali wa maneno, na mikono yake haikutulia. Alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo, akanilisha uji wa pilipili manga nikitaka nisitake, maana mgonjwa haulizwi uji.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha asubuhi moja nikaamka na maumivu ndani ya bega la kulia, kama msumari wa moto unaosukumwa chini ya mfupa wa mgongoni. Kufikia adhuhuri nilikuwa nalia. Mkunga akaitwa, akasema ni baridi yabisi imeniingia wakati wa kujifungua. Akapasha mafuta ya nazi, akakanda, akanishika kifundo cha mkono akauvuta unyooke. Nilipiga ukelele mpaka majirani wakaja mlangoni kuuliza kama mtoto amekufa. Siku kadhaa nilikuwa hivyo, sili, silali, nanyonyesha huku nimeuma leso.

Ndipo maumivu yakaondoka, karibu yote, kwa siku moja. Nikamshukuru Mungu. Salimu alikuwa kando yangu analia, nikageuka kumchukua. Mkono wa kushoto ukaenda, wa kulia ukabaki. Niliuamrisha unyanyuke, haukunyanyuka. Vidole vilicheza, kiwiko kilijikunja kidogo, lakini bega lilikuwa limekufa. Nikalitazama. Upande mmoja ulikuwa bega, upande wa pili ulikuwa mteremko, na mfupa umechomoza juu yake. Niliogopa kiasi cha kushindwa kumwita mtu.

Sikusema. Nilijikaza, nikamnyanyua mtoto kwa mikono miwili kama ilivyo kawaida, nikitaraji mkono utaona aibu na kufanya kazi yake. Mkono wa kulia ukaachia. Salimu akateleza juu ya paja langu akaangukia kitandani, kichwa kikiwa upande wa ukingoni. Hakulia yeye, nililia mimi. Bi Mwanatumu alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Tangu siku hiyo hakuniacha peke yangu na mtoto. Alinipakatia anyonye, akishashiba alimwondoa. Hakuwa na ubaya, lakini kila alipomwondoa nilihisi ninaonyeshwa jinsi nitakavyoishi.

Suleimani aliporudi alinitazama bega, akasema twende hospitali. Mama yake akakataa katakata, kwamba mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, upepo ukimpiga ni maradhi ya maisha. Suleimani si mtu wa kumjibu mama yake. Siku ile alipiga magoti mbele yake akasema, "Mama, niwie radhi, lakini kesho nampeleka." Nikafungwa shuka na leso na buibui juu, nikabaki macho tu.

Pale hospitalini nilionwa na daktari kijana, mtu wa bara, mpole. Nesi akanivua leso begani. Daktari akaweka kidole chini ya mfupa wa bega na kidole kikazama shimoni. Alinieleza kwamba neva za bega zimevimba na kulala, kwamba huwapata baadhi ya wanawake baada ya kuzaa na sababu yake haijulikani vyema. Zinaweza kuota tena, pole pole, huenda mwaka, huenda zaidi. Kisha akanishika mkono, akaubeba kwa chini.

"Mama, hii mkono isiachwe ining'inie. Nyama imelala, hakuna kitu inashika mfupa. Ikining'inia, mfupa itatoka kwa nyumba yake, na hiyo neva ikivutwa haitapona."

Fundi wa hospitali akanipima na kunishonea mshipi. Ulikuwa na pete pana ya ngozi juu ya mkono, mkanda wa turubai uliopita mgongoni na chini ya kwapa la kushoto ukafungwa kwa bizimu, na bamba la ngozi lililoubeba mkono mzima, kutoka juu ya kiwiko hadi karibu na kiganja. Ulikuwa mzito, una joto, unanuka ngozi mbichi. Nikaambiwa nisiuvue isipokuwa kwa kuoga, tena nioge nimelala, mkono umewekwa juu ya kitu.

Wanawake waliokuja kunijulia hali walicheka wakasema Mwanasha kavishwa matandiko ya punda. Niliwaambia afadhali punda, ana mabega mawili. Tulicheka sote, lakini walipotoka nililia.

Hata hivyo mshipi ulifanya kazi. Bi Mwanatumu, pamoja na kuuchukia, alinikogesha nimelala mkekani kama tulivyoambiwa, mkono juu ya mto, na akimaliza alinifunga mwenyewe. Lile shimo la bega likaanza kujaa. Siku moja nyama ya juu ya bega ikachezacheza yenyewe, nikamwita aone. Akaweka kiganja chake juu yake, akasema, "Inarudi, mwanangu." Nikaanza kuamini.

Arobaini ikaisha. Nikaoga josho, Salimu akatolewa nje, nikarudi kwenye sala, maana aliye ndani ya arobaini haswali.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kwetu mtoto hufundishwa kutawadha kabla hajajua kufunga mshipi wa suruali. Maji lazima yafike kiwikoni. Pete ikibana kidoleni huzungushwa maji yapite chini yake. Sasa mimi kiwiko changu kilikuwa ndani ya ngozi. Haikunipitia akilini hata kuuliza, wala hapana aliyeniuliza. Kwa hiyo kila wakati wa sala niliingia chooni peke yangu, nikafungua bizimu kwa mkono wa kushoto, nikatawadha, nikaswali mkono ukiwa mtupu, kwani niliogopa kuurudisha kwenye ngozi ungali na maji. Nikirukuu ulining'inia mbele yangu kama ndoo kisimani. Uliniuma. Nilivumilia, nikaona ndio jitihada yangu kwa Mungu.

Bega likaanza kushuka tena. Mwanzoni nilijidanganya kwamba sioni. Kisha maumivu yakarudi, na yalikuja kwa saa zake: adhuhuri, alasiri, magharibi. Vidole vikavimba, vikawa na rangi ya zambarau mbivu. Bi Mwanatumu hakuwa mjinga, alitambua upesi kwamba maumivu yanafuata sala. Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba kiumbe kinachoudhika mtu akiswali kinajulikana. Mavyaa wangu akaenda kwa mpiga ramli, na aliporudi hakuzungumza nami mpaka Suleimani alipokuja.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikinyonyesha. Nilimsikia akimwambia mwanawe kwamba nina pepo mkononi, hapendi sala, na anachokitaka ni mtoto. Mtoto aondolewe asije akadhurika. Mejumaa, dada yake Suleimani aliyeolewa Vanga, alikuwa ananyonyesha mtoto wake, na angemnyonyesha Salimu pia mpaka nitakapotolewa pepo. Nilingoja Suleimani aseme neno. Hakusema.

Nilikuwa sijaijua hofu mpaka siku ile. Hapo kwanza nilikuwa nahofia kuwa kilema. Sasa nilijiogopa mwenyewe. Niliutazama mkono wangu ukiwa pajani, umevimba, umekaa tu, nikaona si wangu, ni wa mgeni aliyeingia bila hodi. Salimu alipokuwa ananyonya nilijivuta upande, mkono ule usimguse. Nilikumbuka alivyoteleza siku ile nikajiuliza, ni mimi niliyeshindwa au ni pepo aliyemwachia? Na hospitalini sikutaka kurudi. Nilikuwa na yakini kwamba daktari akiuona mkono ule ataukata. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi hata nikimwona nesi barabarani niligeuza njia.

Basi nikafanya kila nilichoweza, yaani kuomba. Sala tano zikawa chache, nikaongeza sunna kabla na sunna baada, nikaongeza dhuha, nikaongeza sala za haja. Kila moja nikifungua bizimu. Na kadiri nilivyozidi kuomba nipone, ndivyo bega lilivyozidi kushuka, na kadiri lilivyoshuka ndivyo nilivyosadiki kwamba ramli imesema kweli. Shimo lililomeza kidole kimoja cha daktari sasa lilimeza viwili.

Mejumaa akaja kwa lori kutoka Vanga, nguo zimejaa vumbi. Ni mtu mwema. Alikaa nami kitandani, akaniambia, "Wifi, nitamnyonyesha kama wangu, hata harufu yako hataisahau, nitamfunika na leso yako." Maneno yale ya huruma ndiyo yaliyonimaliza, kwa kuwa nilijua sasa ni kweli anakwenda.

Asubuhi ya safari Salimu alikuwa ameshavishwa na kufungwa kwenye leso yangu. Nikaomba niswali rakaa mbili kabla sijamtoa. Nikaenda chooni kutawadha, lakini mkanda ulikuwa umekwama, bizimu halifunguki. Nilikawia. Bi Mwanatumu akabisha, akaingia, akanikuta nahangaika na ule mkanda. Akasema ngoja nikufungue. Kwa muda wote ule hakuwahi kuniona nikitawadha. Kutawadha ni jambo la mtu na birika lake.

Akafungua bizimu. Bamba la ngozi likatoka, na mkono ukaanguka. Sote wawili tukasikia mfupa ukigonga ndani.

Bi Mwanatumu akaweka vidole begani mwangu, vikazama. Mtu aliyenikogesha arobaini nzima alilijua bega lile kuliko mimi.

"Wewe hulifungua hili kila sala?"

"Kila sala, mama. Na sunna."

"Na ukiswali?"

"Naswali hivi, mama. Naufunga ukishakauka."

Akauinua mkono wangu kwa mikono yake miwili, kutoka chini, kama daktari alivyofanya, akamwita Mejumaa aje aokote mshipi. Wakanifunga pale pale chooni. Akaniambia nikae kitako nisiguse maji wala bizimu. Akavaa buibui, akatoka, na nikamwona akishika njia ya kwa maalim wa chuo cha Kurani.

Tulikaa ukumbini, mimi na Mejumaa na watoto wawili. Sikujua kaenda kuuliza nini. Nilidhani anaenda kumleta maalim anisomee, pepo apande kichwani mbele ya mwanangu. Lori la Vanga likapiga honi barabarani. Mejumaa akanitazama, akamtazama Salimu, hakuinuka. Likapiga tena, likaondoka.

Bi Mwanatumu alirudi mbio mbio, mtandio umemtoka kichwani. Hakukaa.

"Maalim asema kilichofungwa kwa maradhi hakifunguliwi kila sala. Palipo wazi osha. Palipofungwa pangusa juu yake kwa mkono wenye maji, kisha tayamamu kwa vumbi, uswali. Na asiyeweza kusimama na akae. Asema dini haikuja kumng'oa mtu bega." Akavuta pumzi. "Arobaini ulikuwa huswali na ulikuwa unapona. Mimi nilikuwa nakuona kwa macho yangu, nikaenda kuuliza kwenye ramli. Mwana haendi popote."

Akamfungua Salimu kwenye leso ya safari, akamweka kwenye paja langu la kushoto.

Siku iliyofuata tukaenda hospitali, yeye mbele. Mimi nilikuwa nimemshika nguo kwa nyuma, nikingojea kuambiwa kuhusu kisu. Daktari alisikiliza habari nzima ya kutawadha, akashika kichwa. Alisema hakujua kwamba maji hufika kiwikoni, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia. Akanipima, akachoma choma ngozi kwa pini. Nikamuuliza kama ataukata. Alishangaa sana. Akasema mkono huu haukatwi, umecheleweshwa tu, ila hakuweza kuahidi utarudi wote. Bi Mwanatumu naye akaenda kwa fundi, akabishana naye mpaka akalikata lile bamba lisifike kiwikoni, na sehemu ya chini ikawa kitanzi cha kitambaa cha kufunguliwa nimekaa, mkono ukiwa pajani. Nikaweza kutawadha bila bega kusogea. Kuhusu pepo hakutamka tena. Nilipomuuliza siku moja alinijibu kwamba hata pepo huchoka.

Msidhani nilipona mara moja. Mshipi ulinichubua kwapani, nikawa natia vipande vya leso kuukuu chini ya mkanda na kuvibadilisha kila vikilowa jasho. Ulinikera wakati wa joto hata nikatamani kuutia kwenye moto. Kila asubuhi kabla ya kufumbua macho nilipapasa shimo la bega, nikihofia limerudi kuwa kubwa. Hofu haikuondoka siku lori lilipoondoka. Iliondoka kidogo kidogo, kama maji ya kisima cha kiangazi, na zipo siku ilijaa tena. Lakini nyama ikarudi kuchezacheza. Kisha nikaweza kuinua mkono nikiwa nimelala. Kisha nikawa natambaza vidole ukutani, Salimu akinitazama na kuniiga.

Mpaka Salimu anajifunza kusimama kwa kushika kiti, nilikuwa sijapata kumnyanyua tena. Wengine walinipakatia, wengine walinipokea. Siku moja alianguka uani, akalia, akaninyooshea mikono mimi. Bi Mwanatumu ndiye aliyekuwa karibu, akamwinua, akaja naye mpaka nilipokaa. Sikuwa nimevaa mshipi, ilikuwa saa yangu ya mchana niliyoruhusiwa na daktari kuuvua. Badala ya kumweka pajani alimshikilia hewani mbele yangu. Akasema, "Mchukue mwanao."

Niliogopa. Nilimwambia mama, siwezi. Hakurudia. Nikanyoosha mikono yote miwili, nikamshika kwapani. Mikono ya bibi yake ilibaki chini ya yangu, imefunguka, inangoja. Uzito wa mtoto ukaingia begani, bega likatetemeka, likakaa. Ndipo Bi Mwanatumu akaiondoa mikono yake, akaipeleka nyuma ya mgongo wake, akasimama hivyo.

Alhamdulillahi. Mkono wangu haukurudi wote. Kukuna nazi za arusi nimewaachia wengine, na nikianika nguo natumia kamba ya chini. Ninayowaambia ni machache. Ukifungwa mshipi ufunge, hata wakikuita punda. Mweleze daktari siku yako yote ilivyo, unavyooga, unavyoswali, unavyolala, maana yeye hayajui maisha yako. Na linalokutatiza katika dini muulize mwenye elimu, usijitungie shida ambayo Mungu hakukuwekea. Kama una hofu, isije ikakuamulia peke yake. Mtafute mtu akutazame kwa macho yake.

Namshukuru daktari na fundi, namshukuru maalim, namshukuru Suleimani kwa magoti aliyopiga siku ile. Na Mungu amrehemu Bi Mwanatumu. Aliamka asubuhi ile ya lori kunichukulia mtoto, na hata jua la adhuhuri halijafika alikuwa ameniachia mtoto na mkono.